Hadithi 53 Zilizozikwa: Anime Moja Ambayo Watu Wameipita Tu

Wasee, leo ni siku ya 41 ya kuandika kila siku, na nimeamua kuitumia kuwauzia anime ambayo nikiitaja mbele ya watu kumi, tisa wananiangalia kama nimetaja dawa ya minyoo. Inaitwa Shōwa Genroku Rakugo Shinjū. Najua, jina lenyewe halisaidii. Haina mapanga. Haina mtu wa kubadilika rangi ya nywele akikasirika. Hakuna mashindano, hakuna shule ya uchawi. Ni kuhusu watu wanaokaa chini kwa mto na kusimulia hadithi. Basi.

Lakini kabla hujapita, sikiza. Nyuma ya hiyo anime kuna historia ya zaidi ya miaka 300, na ndani ya hiyo historia kuna msanii aliyehamishiwa kisiwani kwa sababu ya farasi anayeongea, kuna serikali iliyofunga kumbi karibu zote za hadithi, na kuna hadithi 53 zilizofanyiwa mazishi kabisa, hekaluni, kama binadamu. Ukiijua hiyo historia, anime inabadilika mbele ya macho yako. Kwa hivyo leo nawapa historia kwanza, anime baadaye. Mkifika mwisho mtanishukuru.

Mtu mmoja, mto mmoja

Rakugo ni sanaa ya Japani ya kusimulia. Neno lenyewe maana yake ni kama "maneno yanayoanguka", kwa sababu hadithi inamalizika kwa pigo la mwisho, ile sentensi inayowaangusha watu kwa kicheko. Msimulizi anavaa kimono, anapiga magoti juu ya mto, na hainuki mpaka amalize. Ana vitu viwili tu mkononi: upepeo wa kukunja na kitambaa kidogo. Upepeo unakuwa kijiti cha kulia tambi, unakuwa kiko, unakuwa upanga, unakuwa kalamu. Kitambaa kinakuwa kitabu au pochi ya pesa. Akiangalia upande mmoja ni mke, akigeuza shingo upande wa pili ni mume mlevi. Sauti moja, mwili mmoja, mtaa mzima wa watu.

Fikiria hiyo kazi. Huna bendi, huna taa za kuwaka na kuzima, huna nafasi ya kuhariri. Ukiwaboesha watu wanakohoa, unasikia ukikufa pale pale.

Mizizi yake iko kwa watawa. Mwaka 1623 mtawa wa Kibuddha aliyeitwa Anrakuan Sakuden alimaliza kukusanya hadithi fupi za kuchekesha zaidi ya 1,000, nyingi ambazo alikuwa akizitumia kwa mahubiri yake. Ile akili ya mhubiri wa kitambo: ukitaka watu wasilale, wachekeshe kwanza. Baadaye, enzi ya Genroku, yaani 1688 mpaka 1704, kukatokea watu wanaolipwa kwa kusimulia tu. Kyoto walikuwa na Tsuyu no Gorobei, Osaka walikuwa na Yonezawa Hikohachi, na Edo, mji ambao leo tunauita Tokyo, walikuwa na Shikano Buzaemon.

Huyu Buzaemon ndiye wa kwanza kuonja upande mchungu wa hii kazi. Mwaka 1693 kulikuwa na ugonjwa Edo, na uvumi ukaenea mjini kwamba kuna farasi ameongea na akataja dawa: matunda ya umeboshi na ya mti wa nanten. Watu wakanunua, bei ikapaa, kuna wenye walitengeneza pesa. Serikali ikamsaka mwanzilishi wa uvumi. Akishikwa, akasema wazo la farasi anayeongea alilitoa kwa kitabu cha Buzaemon. Manze, mtu aliandika mchezo wa kuchekesha, mwingine akautumia kwa utapeli, na mwandishi ndiye akabeba msalaba. Mwaka 1694 Buzaemon akahamishiwa kisiwa cha Ōshima, na kitabu chake kikapigwa marufuku. Baada ya hapo rakugo ilififia Edo kwa karibu miaka 100. Ni mpaka 1798 ndiyo msimulizi mmoja, Sanshōtei Karaku, alifungua ukumbi wa kulipisha watu kiingilio, kwa hekalu la Shitaya. Kumbi hizo huitwa yose.

Funga, fungua, funga tena

Yose zilishika moto. Ndani ya miongo michache Edo ilikuwa na kumbi zaidi ya 100. Zilikuwa za watu wa kawaida: fundi seremala, muuza samaki, mama wa duka. Mtu akitoka kazini ana senti kidogo, hawezi kulipa mchezo mkubwa wa kabuki, lakini yose iko hapo kwa kona ya mtaa wake.

Kitu ambacho watu wa chini wanakipenda hakikosi mtu wa juu wa kukiogopa. Mwaka 1842, waziri mkuu wa shogun, Mizuno Tadakuni, akiwa katikati ya kampeni yake ya kurudisha nidhamu na kukataza anasa, alipunguza kumbi za Edo zikabaki 15. Kumi na tano! Na hata hizo zikaambiwa zisimulie mambo ya mafunzo na historia, siyo mambo ya kuchekesha na mapenzi. Mizuno akatolewa mamlakani mwaka uliofuata, na kumbi zikarudi. Watu hawakuacha kutaka kucheka kwa sababu waziri alisema waache.

Sasa ruka karne moja. Ni 1941. Japani imekuwa vitani China kwa miaka minne, na vita na Marekani iko mlangoni. Kila sanaa inaulizwa: wewe unasaidia nini nchi? Wasimulizi wa Tokyo wenyewe, wakiona upepo unaelekea wapi, wakakaa chini wakachambua hadithi zao. Wakatoa 53 ambazo hazifai wakati wa vita. Za makahaba na wateja wao, za wake na waume wanaochepuka, za walevi na wavivu. Oktoba 30, 1941, wakaenda hekalu la Honpō-ji, mtaa wa Asakusa, na wakazizika. Kuna nguzo ya jiwe iliyosimamishwa pale kuzikumbuka hadithi hizo, na mpaka leo iko.

Hiyo kitu imenikaa kichwani wiki mzima. Hebu fikiria ni nani walizizika. Si polisi walioingia na rungu. Ni wenye hadithi wenyewe. Walijua zikikaa hadharani zitaletea wote shida, basi wakatangulia wakachimba kaburi. Unaweza kusema ni uoga. Unaweza pia kusema ni ujanja, kwa sababu ukizika kitu kwa heshima, na ukaweka alama, unajua mahali pa kurudi kukitoa. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1946, vita vimeisha, Tokyo nusu ni majivu, wakafanya sherehe ya kuzifufua. Hadithi za makahaba na walevi zikarudi kusimuliwa kwa watu ambao walikuwa wamepoteza nyumba.

Mimi naona hizo pande mbili zote ni za kweli, uoga na ujanja, na sitaki kuchagua moja ndiyo nionekane mjanja. Kinachonigusa ni kwamba hadithi ya mtu anayechelewa kulala kwa kahaba, hadithi ya kijinga kabisa, ilionekana ni hatari kwa taifa lenye meli za kivita. Kama maneno hayangekuwa na nguvu, nani angesumbuka kuyazika?

Mtu aliyefunza Japani kuandika kama inavyoongea

Hapa ndipo hii makala inaingia kwa mambo yangu. Mnajua mimi niliacha chuo. Sikufukuzwa, niliondoka, na nikaanza kuandika kwa Kiswahili hiki ninachokitumia, ambacho ni nusu cha kitabu na nusu cha mtaani. Na kila mara kuna mtu mzima ananiambia hiyo si lugha ya kuandika. Lugha ya kuandika ni ile ya insha, ya "hakika nilikuwa nimeduwaa kama mtu aliyepigwa na butwaa".

Sasa kutana na San'yūtei Enchō, aliyezaliwa 1839 na kufa 1900. Wengi wanamwita msimulizi mkubwa kuliko wote. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alikuwa na shida ya ajabu: mwalimu wake mwenyewe alikuwa akipanda jukwaani kabla yake na kusimulia hadithi ile ile ambayo Enchō ameiandaa usiku huo. Ukifanyiwa hivyo utafanya nini? Umesimama nyuma ya pazia, unasikia hadithi yako ikitoka kwa mdomo wa mtu mwingine, na zamu yako inafuata. Enchō akaamua: nitasimulia vitu ambavyo hakuna mtu anavijua, kwa sababu nimevitunga mimi. Mwaka 1859, akiwa na miaka 20, akatunga hadithi ya mizimu ya ukoo wa Kasane, na hakusimama tena. Alikuwa akitunga hadithi ndefu za mfululizo, unasikiliza leo, inakatwa mahali patamu, unarudi kesho. Yaani episodi, kabla ya kuweko televisheni.

Mwaka 1882 jamaa anayeitwa Takusari Kōki alikuwa ameleta Japani mfumo wa kuandika kwa haraka, zile alama za mkato ambazo makarani hutumia kushika maneno ya mtu jinsi anavyoyasema. Mwaka 1884 wanafunzi wake wawili wakaketi wakamsikiliza Enchō akisimulia hadithi yake ya mzimu wa taa ya maua, Botan Dōrō, wakaandika kila neno, na ikachapishwa kama vijitabu. Ikauzika sana. Kwa mara ya kwanza watu wakashika karatasi mkononi na ndani yake kuna mtu anaongea kama wao.

Kwa nini hii ni kitu kubwa? Kwa sababu Kijapani cha kuandika wakati huo kilikuwa mbali na Kijapani cha kuongea. Mtu wa kawaida akisoma kitabu alikuwa kama anasoma lugha ya babu wa babu yake. Basi kijana mmoja, Futabatei Shimei, alitaka kuandika riwaya na hakujua aandike kwa lugha gani. Akaenda kwa mwandishi mkubwa, Tsubouchi Shōyō, kuomba ushauri. Tsubouchi akamwambia ajaribu kuandika jinsi Enchō anavyosimulia. Futabatei akafanya hivyo, na mwaka 1887 akatoa Ukigumo, riwaya ambayo leo inatajwa kama mwanzo wa riwaya ya kisasa ya Kijapani. Na huyu Futabatei, kwa taarifa yenu, aliacha shule ya lugha za kigeni kabla ya kumaliza.

Sisemi mimi ni Futabatei. Nasema tu kwamba lugha ambayo Wajapani wanaisoma leo kwa gazeti na kwa manga haikushuka kutoka kwa profesa peke yake. Sehemu yake ilitoka kwa mtu aliyeketi kwa mto akiigiza mlevi, na makarani wawili waliokuwa na mkono mwepesi. Ukiona mtu anadharau lugha ya mdomoni, mwambie asubiri miaka 50.

Kila siku kwa miaka 41

Bado niko kwa mambo ya kuandika kila siku, kwa hivyo acha niwaongezee mtu mmoja. Nagai Kafū, alizaliwa 1879, mtoto wa familia ya pesa. Shule ya lugha ilimtoa mwaka 1899 kwa sababu hakuwa anaenda darasani. Mwaka huo huo alijiunga kisiri na msimulizi wa rakugo kama mwanafunzi, mpaka nyumbani wakajua na wakamtoa huko. Ndoto ya jukwaa ikaishia hapo. Baadaye akaenda Marekani, akaenda Ufaransa, akarudi, akawa mwandishi mwenye jina.

Septemba 16, 1917 akaanza kuandika shajara. Aliandika mpaka Aprili 29, 1959. Aprili 30 akafa. Hiyo ni zaidi ya miaka 41, mtu mmoja, kalamu moja. Siku nyingine ni mstari mmoja tu: hali ya hewa, alikula wapi. Siku nyingine ni hasira. Wakati wa vita, wakati wasimulizi wanazika hadithi, Kafū alikuwa akiandika kwa shajara yake mambo kuhusu wanajeshi waliotawala nchi ambayo yangemletea matatizo makubwa yakisomwa na polisi. Usiku wa kuamkia Machi 10, 1945, ndege za Marekani zilipochoma Tokyo, nyumba yake ikaungua pamoja na maktaba yake yote. Alichotoka nacho ni begi, na ndani yake shajara na miswada.

Mimi niko siku ya 41. Yeye ni miaka 41. Hiyo namba ilinichekesha, halafu ikaninyamazisha.

Kuna mjomba wangu ambaye kila tukikutana ananiuliza, "Na hiyo kuandika kila siku inakulipa ngapi?" Namwambia bado, mjomba. Ananyamaza ile kunyamaza ya watu wazima. Siwezi kumlaumu, anajua bei ya unga kuniliko. Lakini nikisoma habari za Kafū naona kitu ambacho sijui jinsi ya kumweleza: zile siku za mstari mmoja ndizo zilifanya siku za maana ziwezekane. Kama angengoja mpaka awe na jambo kubwa la kusema, siku nyumba inaungua hangekuwa na begi la kubeba.

Haya, sasa anime

Shōwa Genroku Rakugo Shinjū ilianza kama manga ya Haruko Kumota, iliyotoka kati ya 2010 na 2016, vitabu 10. Studio Deen wakaifanya anime. Sizoni ya kwanza ni episodi 13, mwaka 2016. Ya pili ni episodi 12, mwaka 2017. Imeisha. Hakuna kungoja mwaka mzima, hakuna episodi za kujaza nafasi. Ni kama masaa 10 hivi, yaani chini ya kile unachotumia kwa simu wikendi moja, na usinibishie.

Inaanza miaka ya 1970. Kijana ametoka jela. Akiwa ndani, msimulizi mkubwa anayeitwa Yakumo alikuja kuwaburudisha wafungwa, na hadithi aliyosimulia siku hiyo haikumtoka kichwani. Kwa hivyo akitoka haendi nyumbani, haendi kwa genge lake. Anaenda moja kwa moja kumsubiri Yakumo mlangoni na kumwomba amfundishe. Yakumo hajawahi kukubali mwanafunzi hata mmoja, na nia yake ni moja: rakugo imezeeka, na akifa atakufa nayo. Hilo ndilo neno shinjū kwa jina la anime, wapenzi wawili kufa pamoja. Mzee amemwoa rakugo na anataka kaburi lao liwe moja. Lakini siku hiyo, kwa sababu ambayo hata yeye haielewi vizuri, anamkubali huyu kijana na kumpa jina Yotarō, jina la mjinga maarufu wa hadithi za rakugo.

Baada ya hapo anime inarudi nyuma, kabla ya vita, kwa wavulana wawili walioingia nyumba ya mwalimu mmoja siku moja. Mmoja ana kipaji cha kuzaliwa, anafungua mdomo watu wanacheka. Mwingine anafanya mazoezi mpaka usiku na bado ukumbi uko kimya kama matanga. Wanapendana kama ndugu na wanaoneana wivu kama ndugu. Zaidi ya hapo sisemi.

Sasa ona jinsi historia inavyoingia. Kwa anime, vita vikija, hadithi nyingi zinakatazwa, na yule kijana wa mazoezi anajikuta hana cha kusimulia kwa sababu zile zinazomfaa, za mapenzi na za wanawake, ndizo zimefungiwa. Ukijua kuhusu nguzo ya Honpō-ji, ile sehemu inakukata. Halafu mwalimu na yule mwenzake wanapelekwa Manchuria kuburudisha wanajeshi, na wanakwama huko. Hiyo nayo haikutoka hewani. Mwaka 1945 wasimulizi wawili wakubwa, Kokontei Shinshō wa tano na San'yūtei Enshō wa sita, walienda Manchuria, vita vikaisha wakiwa huko, na hawakurudi nyumbani mpaka 1947.

Kuna pia Konatsu, msichana aliyelelewa nyumbani kwa Yakumo, ambaye anazijua hadithi zote za marehemu baba yake kwa kichwa na anazisimulia gizani peke yake kwa sababu jukwaa si la wanawake. Usidhani ni chumvi ya mwandishi. Tokyo haikuwa na mwanamke aliyefika daraja la juu kabisa la rakugo, shin'uchi, mpaka 1993. Nineteen ninety-three, wasee. Kuna dada zenu wakubwa walikuwa wamezaliwa.

Na ile hadithi iliyomteka Yotarō jela inaitwa Shinigami. Ndio, neno lile lile mnalolijua kutoka Death Note na Bleach. Ni kazi ya Enchō, aliyeitoa kwa hadithi ya Ulaya na kuipa ngozi ya Kijapani. Mtu aliyelemewa na madeni anakutana na mungu wa kifo, anafundishwa siri ya kujua mgonjwa yupi atapona na yupi atakufa, anakuwa daktari tajiri, halafu tamaa inamfanya amchezee shinigami akili. Mwisho wake uko ndani ya pango lililojaa mishumaa, kila mshumaa ni maisha ya mtu. Kila msimulizi huimalizia kwa njia yake. Ukiiona kwa episodi ya kwanza, utadhani ni hadithi ndani ya hadithi tu. Ngoja sizoni ya pili.

Sauti, manze. Yakumo anaigizwa na Akira Ishida, ambaye mmemsikia kama Gaara na kama Akaza. Yule mwenye kipaji ni Kōichi Yamadera, Spike wa Cowboy Bebop. Yotarō ni Tomokazu Seki, Panda wa Jujutsu Kaisen. Hawa watu hawasomi mistari, wanasimulia rakugo yenyewe, dakika nyingi mfululizo, na unasikia tofauti kati ya msimulizi mbaya anayejitahidi na msimulizi mzuri anayechoka. Ni wachache wanaoweza kuigiza kushindwa kwa ustadi hivyo.

Onyo mbili. Moja, kuna vifo na kuna watu wanaokata tamaa ya maisha, kwa hivyo kama uko pabaya kichwani wiki hii, iweke pembeni kwanza na uongee na mtu unayemwamini. Pili, episodi ya kwanza ni karibu dakika 50 na inaenda polepole. Usiitazame ukiwa kwa matatu na simu iko asilimia tisa. Subiri usiku, nyumba imetulia, weka simu nyingine mbali.

Kwa nini haikuvuma? Nafikiri jibu ni rahisi. Huwezi kuikata iwe video ya sekunde 15. Hakuna pigano la kuweka muziki juu yake. Nguvu yake ni kwamba unakaa na mtu mmoja anayeongea mpaka unasahau ni mtu mmoja. Hiyo haiingii kwa kipande. Hata kwa maduka ya muvi ya mtaani huku kwetu, pale unapopeleka flashi wakujazie, utapewa One Piece yote kabla mwenye duka ajue unaongea kuhusu nini.

Swali ambalo anime inauliza mpaka mwisho ni hili: sanaa ikionekana inakufa, nani ana haki ya kuamua? Mzee aliyeibeba maisha yote anasema ni yangu, nitaenda nayo. Mfungwa aliyeikuta jela anasema haiwezi kuwa yako peke yako, mimi nimeishika pia. Na mimi, baada ya kusoma kuhusu kisiwa cha Ōshima, kumbi 15 za mwaka 1842 na kaburi la Asakusa, niko upande wa mfungwa. Kila mara mtu alipoamua kwa niaba ya watu kwamba hadithi zimeisha, kulikuwa na mtu mwingine mahali fulani bado anazinong'ona. Leo Tokyo bado ina yose zinazofungua karibu kila siku ya mwaka, Suehirotei kule Shinjuku na Suzumoto kule Ueno zikiwa mbili zao.

Basi hii ndiyo kazi ya nyumbani. Episodi ni 25. Tazama moja kwa siku, na kila ukimaliza andika kitu, hata mstari mmoja kama Kafū: ulikula nini, mvua ilinyesha ama la, ni nani alikukera. Usinionyeshe, si ya kuonyesha. Baada ya siku 25 utakuwa umemaliza anime nzuri kuliko nyingi ulizoona mwaka huu, na utakuwa na kurasa kadhaa ambazo mwezi uliopita hazikuweko.

Kesho ni siku ya 42. Ningependa kuandika kuhusu ile hadithi ya mtoto aliyepewa jina refu mpaka watu wakishamaliza kulitamka, shida imeshapita. Iko kwa anime pia. Tupatane hapa.